Siku Hizi Analala Mapema

Ukikaa uani kwangu hapa Kasese jioni, ukatazama mlimani, kuna mahali ambapo huwezi kusema nyumba zinaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Mchana mlima unajulikana: mashamba, mabati yanayong'aa, njia nyekundu zinazopanda kwa kupinda. Giza likishaingia, mlima wote unapotea, zinabaki taa tu. Siku hizi karibu kila nyumba kule juu ina taa ya sola, nyeupe na kali, na Wakonzo, wenyeji wa mlima huu, hawajawahi kuogopa kujenga mahali pa mwinuko. Kwa hiyo taa zinapanda, zinapanda, na juu ya taa ya mwisho inakaa nyota ya kwanza, nyeupe vilevile. Nani atakuambia ipi ni ipi?

Mimi sikuwahi kugombana na mtu kwa jambo hilo mpaka bibi yangu, mama wa mama, alipovunjika mguu.

Alianguka akichuma kahawa, kwao mlimani, juu ya Maliba. Wanaume wa kijiji walimbeba kwa machela ya miti mpaka barabarani, na hospitalini akafungwa plasta kutoka vidoleni hadi juu ya goti. Daktari akasema mguu huo usipande mlima mpaka yeye aseme. Mama yangu alikwisha kufariki, kwa hiyo mtu wa kumpokea mjini nilikuwa mimi. Nilimpa kitanda changu, nikalala chini kwenye godoro, nikajisifu moyoni kwamba mimi ni mjukuu mwema. Sifa hizo hazikumaliza wiki. Bibi alikuwa hapendi maji ya bomba, hapendi kelele za malori, hapendi ndizi za sokoni, na alinieleza yote hayo kabla sijanywa chai.

Lazima niseme jinsi tulivyokuwa tukizungumza. Baba yangu alikuwa askari kutoka mashariki ya nchi, na nimekulia kambini, ambako Kiswahili ndicho kilichomuunganisha na mama, ndicho kikatulea sisi watoto. Kikonzo changu ni cha kuombea maji. Bibi naye Kiswahili alikiokota ujanani katika soko la Mpondwe, akiwauzia Wakongomani maharagwe. Basi tulikutana katikati, mimi na changu cha kambini, yeye na chake cha mpakani, ambacho 'anakuja' mara nyingi huwa 'nakuja' tu. Nilimwita Mukaka, kama Wakonzo wanavyowaita bibi zao. Yeye aliniita mutoto ya jeshi, hasa nikimkasirisha.

Babu hakushuka naye. Kahawa ilikuwa kwenye vichanja, na kahawa iliyoanikwa haiachwi: igeuzwe kwa mkono, wingu likitanda ifunikwe turubai, jioni ifunikwe tena, na wenye mikono mirefu waone kwamba mwenyewe yupo. Siku ile ya kubebwa, mzee alisimama kando ya machela akamwambia mkewe asilie. Kila jioni angewasha taa, na mke akitazama kutoka Kasese angemwona. Maneno hayo nilisimuliwa na bibi mara nyingi, na kila mara yalikuwa matamu zaidi kidogo.

Jioni ya kwanza nilimkalisha uani kwenye kiti cha plastiki, mguu nikauegesha juu ya kreti ya soda, mimi nikawa nasonga bundu kwenye sigiri. Bundu ni ugali wetu wa muhogo, na hautaki mwenye kuchungulia huku na huku. Lakini malalamiko ya bibi yalikatika ghafla hata nikageuka.

"Yeye ule," akasema. "Mzee iko kule."

Nilitazama kidole chake. Kilikuwa kikionyesha nyota. Kubwa, nyeupe, upande wa kaskazini-magharibi, imekaa juu ya giza la mlima kana kwamba mtu ameitundika. Sikuhitaji kusoma sana kujua.

"Mukaka, ile ni nyota."

"Nyota gani? Iko kwa kahawa ya juu. Nafunika na turubai. Ngoja, utaona natelemuka."

Na kweli, kadiri chakula kilivyoiva na kuliwa, ile nyota ilishuka. Bibi aliifuata kwa macho akinihadithia njia yote. Sasa amefika kwenye migomba. Sasa anapita penye jiwe, hapo panateleza, awe mwangalifu. Sasa yuko mlangoni. Nyota ikagusa ukingo wa mlima, ikapepesa, ikapotea.

"Amezima," akasema bibi kwa kuridhika. "Amelala."

Mimi si mtu wa kuacha kosa lipite. Nauza vitenge; nikimwona mteja ameshika cha nailoni akidhani ni pamba, namwambia, hata kama ninayepata hasara ni mimi. Kwa hiyo kesho yake nilielekeza simu juu, maana ina programu ya kutaja nyota, na simu ikaandika: Vega. Nikamsomea. Nikamweleza kwamba nyumba yao iko nyuma ya bega la mlima, haionekani Kasese hata ungewasha moto wa kuchoma kijiji. Bibi aliisikiliza habari yote, kisha akauliza kwa upole, "Simu yako najua bwana yangu?"

Nilimwita jirani aje anisaidie. Alikuwa sajenti, mtu wa Soroti, amepanga chumba cha pili, naye akaja bila viatu akasimama wima mbele ya kiti cha plastiki kana kwamba anakagua gwaride.

"Mama, hiyo ni nyota. Mimi natembea nayo porini miaka mingi. Hakuna mzee pale."

"Afande," bibi akamwambia, "mama watoto yako iko wapi?"

"Iko nyumbani. Soroti."

"Kama ungemuona natembea gizani na taa, utamujua ama hapana?"

Sajenti alifikiri. Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Nitamjua," akasema, akanitazama kama mtu aliyeishiwa risasi, akarudi chumbani kwake. Tangu siku hiyo, akipita jioni, alikuwa akimuuliza bibi, "Mzee amefika wapi?" na bibi akimjibu. Nikabaki peke yangu na ukweli wangu. Akili ni nywele, wanasema, kila mtu ana zake, na uani kwangu nilionekana mimi ndiye mwenye upara.

Nikaacha. Nilijiambia hakuna ubaya, mtu mzima anaumwa, ana kitu cha kutazama jioni. Hata nilianza kukipenda kipindi kile. Bibi aliponihadithia njia ya babu nilijifunza shamba lao mti kwa mti, mimi ambaye nilikwenda huko sikukuu kwa sikukuu nikalalamikia matope.

Jambo ambalo sikulifikiria, pamoja na ujanja wangu wa simu, ni kwamba nyota haitui saa ileile kila siku. Leo inatua mapema kidogo kuliko jana, kesho mapema zaidi. Nyota haina habari. Bibi alikuwa nayo.

"Mzee siku hizi analala mapema," akasema jioni moja.

Sikutilia maanani. Baada ya siku kadhaa akarudia, na safari hii hakuwa akiongea nami. Mwanzoni alikuwa analala baada ya sisi kula na kuosha vyombo. Sasa bundu haijaiva, yeye amekwisha kuzima. Mtu mwenye afya halali na kuku. Labda kifua kimerudi. Labda hapiki, maana huyo mwanamume hajawahi kupika, anajua kuchemsha maji tu na hata hayo huyaunguza. Bibi akaanza kunirudishia nusu ya sahani. Kisha sahani nzima.

Nilipiga simu kwa mwanamke jirani yao huko juu. Babu hana simu na hasikii vizuri, na mtandao wenyewe unapatikana begani mwa mlima tu, kwa hiyo ukimpata huyo mwanamke amepanda huko ni bahati. Nilimpata. Akasema mzee yuko salama.

"Ule mwanamuke," bibi akasema, "hata nyumba ikiungua atasema iko salama."

Sasa nikaingiwa na hofu, wala si kwa ajili ya babu. Nilihesabu kichwani. Nyota ile ilikuwa imebakiza siku chache ianze kutua kabla giza halijaingia, na baada ya hapo bibi angekaa uani akitazama mlima usio na mume wake. Ningemwambia nini? Nilikuwa nimekwisha kumwambia ukweli, na ukweli ulikuwa umekataliwa mbele ya shahidi wa jeshi.

Asubuhi moja nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, nguo zake amezifunga ndani ya kitenge, fundo limekazwa.

"Niitie bodaboda. Naenda kwa mzee."

"Na mguu huo? Bodaboda inafika barabarani tu. Huko juu utapanda na nini?"

"Na makalio. Nilikuwa mutoto, nikatambaa. Nitatambaa tena."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba atauharibu mguu akatwe, kwamba mimi nimeacha biashara yangu kwa ajili yake, kwamba mzee anazima taa kwa sababu hakuna taa. Nilisema kwa sauti kubwa, hata sajenti akakohoa upande wa pili wa ukuta.  Machozi yalimtoka bibi, yakadondokea kwenye plasta. Nilikuwa sijamwona akilia, hata siku ya kumzika mama alikuwa akitutuliza sisi.

"Mimi nilimuacha peke yake," akasema. "Tangu anioe hajalala peke yake."

Nikapiga magoti nikafungua lile fundo la kitenge. Nikamwambia akae, nitakwenda mimi.

Niliondoka siku hiyohiyo. Kutoka Maliba penye lami mpaka kwao ni kupanda tu, na nilipofika nilikuwa natoa pumzi kwa masikio. Babu alikuwa kwenye vichanja, mgongo umenielekea, mkono wake unageuza kahawa taratibu. Alikuwa mzima. Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja.

"Mzee, unalala saa ngapi?" nilimpigia kelele sikioni, kabla hata ya salamu.

"Eh?"

"Taa! Taa iko wapi?"

Alinipeleka ndani akanionyesha. Taa ya sola ilikuwa imening'inia msumarini, imekufa. Aliiwasha jioni mbili za kwanza, betri ikakata, naye hakuona haja ya kuitengeneza. Alimwambia mkewe yale maneno ili anyamaze, alisema, maana alikuwa analia mbele za watu na watu wenyewe wamembeba. Hakudhani kama kuna mtu angetazama kweli.

Nikamsimulia habari ya nyota. Ilinibidi nirudie, kwa sauti, sehemu kwa sehemu, migomba, jiwe, mlango. Kwanza alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu akauliza, "Anasema mimi nalala mapema?"

"Kila siku mapema zaidi."

Hakucheka tena. Nilitazama jikoni. Mafiga yalikuwa baridi, na jivu lake lilikuwa la siku nyingi. Kwenye kikapu kulikuwa na maganda ya ndizi mbivu, na hayo ndiyo yaliyokuwa mlo wake wa jioni. Jua likizama alifunika kahawa, akala ndizi, akajifunika blanketi, kwa sababu kukaa macho ni kukaa na nani. Bibi alikosea taa, lakini mtu hakumkosea. Nilisimama pale jikoni nikiona haya kwa zile hesabu zangu zote.

Nilimpikia. Alikula kama mtu anayelipiza kisasi. Nilipoaga akanishika mkono.

"Taa ya namna gani nafika Kasese?"

Siku ya soko nilikwenda Bwera, karibu na mpaka, kama kawaida yangu, kutafuta vitenge. Vitenge vikangoja. Nilizunguka soko la Mpondwe mpaka nikampata Mkongomani mmoja mwenye meza ya tochi, betri na redio. Nikamwambia nataka tochi ya kuonekana kutoka mlima mmoja hadi mji mwingine. Hakushangaa. Watu wa mpakani hawaulizi sababu.

"Mama, twaa hii. Iko na mwangaza mukali mubaya. Balinzi ba mashamba beko nayo bote. Ukimulikia mutu kule ngambo, atafunga macho."

"Mimi si mlinzi wa shamba. Na mtu akiwa mbali sana?"

"Atajua tu kama kuna mutu."

Tochi ilipanda mlimani na mchukuzi anayefuata kahawa kwa miguu, na ujumbe wangu kwa mwanamke jirani: jioni, mzee akishafunika vichanja, azungukie upande wa Kasese, apande begani mwa mlima, amulike kwetu. Bibi sikumwambia habari ya tochi. Aliponiuliza nilimjibu kwamba babu nimemwona, ana afya, na kwamba nimempikia. Hilo la mwisho lilimfanya afumbe macho kidogo. 

Jioni ya kwanza ilinyesha. Mlima haukuwepo kabisa, na bibi alilala bila kula.

Jioni ya pili ilikuwa safi, imeoshwa. Nilimtoa uani mapema. Mbingu ilikuwa bado na rangi tulipoiona ile nyota, chini sana, nyeupe, karibu kugusa mlima, na kabla sijawasha hata sigiri ikazama. Bibi aliangalia pale ilipokuwa.

"Leo hata giza haikungoja," akasema. 

 Giza likaingia. Taa za nyumba za chini zikawaka moja moja. Sajenti alitoka, akasimama mlangoni kwake, hakuuliza mzee amefika wapi.

Kisha, mbali, chini ya pale nyota ilipotua, kikatokea kitu kidogo. Kilikuja, kikapotea, kikaja tena. Kilikuwa kinayumba. Na hakikuwa kinashuka.

"Nani ule?" bibi akauliza.

"Sijui, Mukaka. Tazama."

Kilipanda kidogo, kikasimama. Kilisimama muda mrefu hata nikadhani betri imenidhulumu. Kikapanda tena, kikayumba kushoto, kikasimama. Bibi alikuwa ameinama mbele, mikono yote miwili imeshika plasta.

"Goti," akasema polepole. "Ni goti yake ya kushoto. Napumuzika."

Kikaenda tena.

"Ile ingine," akasema, na hakuniangalia, "haikupumuzika hata siku moja. Mimi nilikuwa nasema, huyu mzee amekuwa kijana."

 Kile kitu kilifika mahali kikatulia, kikageuka, na ghafla kikatupata: mwanga mmoja mweupe, mkali kuliko nyota yoyote, ukiwa umeelekezwa kwetu. Sajenti alisema neno la kwao. Nikamshika bibi mabega, na mimi mwenyewe nilikuwa nalia waziwazi, sioni aibu kusema.

"Piga simu kwa ule mwanamuke," akaniamuru. "Sema arudi kwa nyumba. Kule iko baridi, na hana koti."

Nilipiga. Ikaita mara moja, maana mwanamke alikuwa amesimama naye palepale begani, penye mtandao. Nikamwekea bibi simu sikioni. Akaisukuma mbele ya mdomo wake na kupiga kelele kwa Kikonzo hadi mbwa wa mtaa wakajibu. Nilielewa nusu: rudi, baridi, goti, mjinga wewe.

Mwanga haukusogea. Upande wa pili tulisikia upepo, na sauti ya babu ikisema kitu, na mwanamke akitufikishia.

"Mzee anasema hasikii. Anauliza tu kama unamuona."

Bibi alishusha simu kwenye mapaja yake. Alitazama mlimani, kisha akaiinua tena, na safari hii hakupiga kelele.

"Namuona," akasema. "Mwambie namuona."